Zamu ya Kusimama Kulia

1 Novemba

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na zaidi kwa wasiohusika, kwamba hoteli yetu ya Al Rigga, Dubai, yenye ghorofa tisa na lifti tatu, moja ikiwa nzima, inatafuta binadamu mmoja wa kusimama kwenye nyasi. Hatakiwi kuwa na cheti. Hatakiwi kuwa na lugha. Anatakiwa kusimama.

Mwenye shida hiyo ni Sir Nick, Mmarekani, mkuu wa shughuli za hoteli. Ameiandikisha hoteli kwenye ligi ya besiboli ya mahoteli, kila Jumapili asubuhi, uwanja wa kukodi huko Al Qusais. Leo alitukusanya kantini akatuonyesha gongo la kupigia kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Wafilipino saba wanaujua mchezo tangu kwao, wakapewa nafasi saba. Rafiq wa jikoni, Mpakistani aliyekulia kwenye kriketi, akapewa kazi ya kurusha. Ikabaki nafasi ya tisa, nje kabisa upande wa kulia, mahali anapowekwa yule ambaye timu haijui imweke wapi. Sir Nick akatugeukia sisi wa Afrika Mashariki: "Hiyo ni yenu. Chagueni wenyewe."

Tulikuwa tumeanza kucheka. Ndipo alipoongeza, akitafuta funguo za gari mfukoni, "Na mtu wa timu yangu haendi likizo kiangazi. Hilo naahidi."

Kicheko kikakatika. Kiangazi wageni hukimbia joto, hoteli hufunga ghorofa mbili, na baadhi yetu hupewa likizo bila mshahara "mpaka tutakapowaita." Wapo walioitwa. Wapo walio Kilifi na Bungoma hadi leo, simu ziko kwenye chaji.

Mimi Mishi, wa dobi, nimepewa kuandika pointi. Sababu: nilikuwa na kalamu.

2 Novemba

Joto. Mashuka mengi. Wanaume watatu wameonekana kwenye korido ya chini wakinyoosha mabega.

5 Novemba

Kikao cha Umoja wetu, chumba cha televisheni, bwenini Muhaisnah. Umoja una mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtu wa nidhamu, na manaibu wao wote. Mimi ni naibu wa katibu wa akina mama. Akina mama tuko watatu. Mwanachama wa kawaida hatuna.

Mwenyekiti ni Ignatius, supavaiza wa ulinzi, mtu wa Kakamega. Nampenda akiongea, maneno yake yanatoka yamepigwa pasi. Iliombwa dua, ikaombwa sala, zikasomwa salamu za wasiofika, kisha akasema, "Ndugu zangu, hii si nafasi ya mchezo. Hii ni nafasi ya jamii."

Watu wa bara wakamtaja Dancan, mlinzi wa mlango mkubwa, kijana mwenye mabega ya kabati. Watu wa pwani tukamtaja Ami Famau wa Lamu, mbeba mizigo ya wageni, miaka hamsini na kitu, na kitambi cha staha. Aliyemtaja ni Bi Shifaa wa Unguja, msimamizi wa vyumba, ambaye huwa mtu wa pwani kukiwa na cha kugawana na Mtanzania kukiwa na mchango.

"Mlango wenu, kamera zenu, hata dereva wa basi wenu," alisema Bi Shifaa. "Leo hata kusimama kwenye majani nako mwataka nyinyi?"

"Mama, na heshima zote," alisema Dancan, "Ami akikimbia si itabidi tuite ambulensi?"

"Mimi sikimbii," alisema Ami Famau. "Mimi hubeba."

"Kubeba nini huko, buda? Kule hakuna sutikesi!" alisema Dancan.

Chumba kizima kilicheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma ya Ami, hanioni.

Saa mbili baadaye Mwenyekiti akaleta suluhu, ile ile tunayotumia kwenye friji, kwenye pasi na kwenye kitanda cha karibu na kiyoyozi: zamu. Jumapili moja pwani, inayofuata bara, mpaka msimu uishe. "Na ieleweke," alisema, kidole juu, "zamu ni ya upande. Si ya mtu."

Makofi. Pasi yetu, nimekumbuka nikirudi chumbani, iliungua mwezi wa tisa na mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa mkononi mwa nani.

10 Novemba

Mechi ya kwanza. Pwani, Ami Famau. Mpira mmoja ulimjia polepole kabisa, akaufungulia mikono yote miwili kama anayepokea mgeni uwanja wa ndege, ukampita katikati. Tumefungwa kumi na nne kwa tatu. Pointi kumi na mbili kati ya hizo hazikupita upande wake, ninazo hapa. Kwenye basi zote kumi na nne zilikuwa zake.

17 Novemba

Bara, Dancan. Anadaka. Shida ni kurusha. Aliurusha mpira ukavuka wachezaji wote, ukavuka uzio, ukaingia kwenye yadi ya magari mabovu. Sir Nick aliupigia makofi. Humwita kila anayesimama pale "rafiki yangu."

Tumefungwa.

24 Novemba

Zamu ya pwani, Ami Famau yuko kazini. Kwa kuwa zamu ni ya upande, amekwenda Fawaz wa mambo ya umeme, aliyevaa glavu mkono usio wake mpaka raundi ya nne. Alipoelekezwa alisema hakuna aliyemuuliza.

Tumefungwa.

8 Desemba

Mvua. Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu, hapakuwa na mechi. Leo basi lilifika Al Qusais likakuta uwanja umekuwa bwawa, likageuka.

Jioni kikao cha dharura: je, zamu ya bara imeliwa na mvua au bado ipo? Bi Shifaa alisema mvua ni ya Mungu na zamu imepita. Ignatius alisema kiti hakikukaliwa, kwa hiyo hakijaachwa wazi. Katibu akauliza, je, kama mvua ingenyesha baada ya raundi ya kwanza? Tukaijadili na hiyo, mvua ambayo haikunyesha. Imeamuliwa zamu ya bara ipo. Watu wa pwani tukatoka nje kwa hasira, tukarudi, kwa sababu nje kulikuwa na mvua.

15 Desemba

Dancan. Tumefungwa. Baridi kidogo, imekuwa nzuri.

18 Desemba

Ami Famau ameshuka dobini wakati wa chakula.

"Mishi, mwanangu, una kitu cha kunirushia?"

Nilidhani anatania. Alikuwa ameshavua koti la sare. Basi nikafunga taulo mbichi mafundo, tukatoka kwenye kichochoro cha nyuma, pale magari ya mboga yanaposhusha, nikaanza kumrushia. La kwanza lilimpiga kifuani likamwachia ramani. La pili pia. Sikucheka, nikajishangaa.

Alinieleza akiwa anahema. Binti yake Afrah anasomea uuguzi Mombasa, amebakiza mwaka mmoja. Dawati la mizigo lina watu wanne, na wageni siku hizi wanavuta mabegi yao wenyewe. Kiangazi watabaki wawili, na yeye ndiye mkubwa kuliko wote. "Wale wengine wana magoti," alisema. "Mimi nina Sir Nick tu."

"Lakini Ami, Sir Nick hajui hata jina lako."

"Atalijua. Nikidaka mbele yake mara mbili tatu, atauliza."

Tangu leo kila siku, mataulo kumi kabla ya zamu yangu kuanza tena.

27 Desemba

Hoteli imejaa hadi mlangoni. Mechi zimesimama tangu wiki iliyopita mpaka mwaka mpya. Ami Famau amedaka mataulo saba kati ya kumi, mawili kwa mkono mmoja. Wapakuaji wa mboga wamempigia makofi.

5 Januari

Nitaandika yote leo, hata kama macho yananiuma.

Ukungu. Basi lilitambaa Al Qusais likiwasha taa zote. Uwanjani nilimwona Rafiq anarusha, nikamwona mpigaji, zaidi ya hapo ilikuwa maziwa. Ilikuwa zamu ya pwani. Ami Famau alitembea kwenda mahali pake akapotea, kwanza kichwa, kisha miguu. Nahodha Mfilipino alimwita kwa jina kuhakikisha yupo. "Niko!" ikajibu sauti.

Refa alitaka kuahirisha, Sir Nick akasema yalla, tucheze.

Raundi ya tano wapinzani wana watu wawili njiani. Mpigaji wao akaupiga juu sana, kulia; ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka na pointi hakuna. Uliingia kwenye ukungu. Tulisimama kimya, timu zote mbili, kama watu wanaosubiri sahani ivunjike jikoni. Hapakuvunjika kitu. Wapinzani wakakimbia wote watatu, wakafika. Refa akanyoosha mikono: mpira umepotea, pointi tatu.

Ndipo Ami Famau alipojitokeza, anatembea taratibu, mpira umeshikwa kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Nimeudaka," alisema.

"Hakuna aliyeona," alisema refa.

"Mimi nimeona."

Refa akatazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Sir Nick alikuwa amegeukia maegesho, simu sikioni, anaeleza mtu kuhusu jenereta. Nahodha alikuwa karibu zaidi na hakuona. Mimi pia sikuona. Refa akasema pointi tatu, nami nikaandika pointi tatu.

Ami Famau aliuweka mpira mezani kwangu, akarudi mahali pake. Niliuchukua. Ulikuwa mkavu. Nyasi usiku kucha zimenyonya umande, viatu vyake vimelowa mpaka soksi, mchanga umemganda kwenye suruali, na mpira mkavu kama biskuti. Mimi kazi yangu ni vitu vilivyolowa. Ule haukugusa chini.

Nikamwambia Mwenyekiti Ignatius, aliyekuja kushangilia na chai yake. "Mpira ni mkavu. Ushike."

Hakuushika. "Mishi, usituletee mambo ya dobi."

Aliyeushika ni Dancan. Alikuwa amekaa nyuma yangu, siku hiyo si zamu yake. Aliugeuza, akaupitisha shavuni, akatazama ule ukungu. "Huyu mzee ameudaka," alisema. "Wallahi ameudaka." Na yeye ni wa kanisa.

Tumefungwa kwa pointi mbili.

6 Januari

Dancan ameshuka dobini akijifanya anatafuta kofia. Ameniuliza habari za Afrah. Nimemweleza. Huyu kijana nilimwona jeuri miezi miwili yote hii, kumbe ni sauti tu iliyo kubwa.

10 Januari

Kikao. Ajenda ilikuwa mchango wa msiba wa Eldoret. Kwenye mengineyo, Dancan akasimama.

"Mwenyekiti, niko na ombi fupi. Zamu zangu zilizobaki mpeni Ami Famau. Zote. Mimi kandarasi yangu iko sawa mpaka mwakani, na nikirudi nyumbani leo niko na miaka ishirini na sita, nitasukuma tu. Yeye akirudi, Afrah anaacha shule. Na juzi alidaka. Nyinyi wote mnajua alidaka. Wacha Sir aone sura moja pale kila wiki."

Nilidhani yameisha.

"Dancan, kaa chini," alisema Ignatius, kwa upole kabisa. "Hiyo zamu si yako uigawe kama peremende. Ni ya watu wa bara. Walikukabidhi. Leo utawapa pwani zamu. Kesho utawapa nini? Mlango?"

Upande wa bara ukapiga meza.

Nikamtazama Bi Shifaa. Nilijua atasimama, na akasimama.

"Na sisi," alisema, akifunga mtandio vizuri, "hatukuja Dubai kuokotewa. Zamu zote tukizitaka tutazidai wenyewe, kwa haki. Hatupewi sadaka na kijana wa mlangoni."

Upande wa pwani ukapiga meza kwa nguvu kuliko bara.

"Bi Shifaa," alisema Ami Famau, "mimi nazitaka."

"Nyamaza, Famau. Jambo hili kubwa kuliko wewe."

Likapigiwa kura. Mwenye maslahi hapigi, kwa hiyo Ami Famau alitolewa nje, akasimama koridoni karibu na mashine ya maji. Dancan alinyoosha mkono peke yake. Walipoulizwa wanaokataa, bara wakanyoosha, pwani wakanyoosha. Bi Shifaa akanitazama. Ndiye anayepanga nani afanye dobi ya mchana na nani ya usiku. Nikanyoosha.

Ni mara ya kwanza tangu Umoja uanzishwe bara na pwani kukubaliana. Mwenyekiti aliagiza iandikwe.

12 Januari

Zamu ya bara. Dancan "amepumzishwa." Mwenyekiti amejiteua mwenyewe, na miwani ya jua. Mpira ukampita miguuni akasema jua. Kulikuwa na mawingu. Maneno yake bado yamepigwa pasi. Nimeanza kuona shati la ndani.

19 Januari

Zamu ya pwani. Bi Shifaa kamtuma Fawaz. Famau, kasema, "atupumzishe kidogo na hamu zake." Glavu alivaa vizuri safari hii. Nayo ndiyo habari njema pekee.

21 Januari

Ami Famau bado anakuja kichochoroni. Mataulo tisa kati ya kumi.

26 Januari

Bara. Amesimama Jotham, mgeni kabisa, binamu wa Mwenyekiti, wa maegesho. Alisubiri mpira akiwa amekaa.

2 Februari

Pwani. Fawaz. Upepo na vumbi. Tumefungwa.

9 Februari

Bara, Jotham. Tumefungwa. Baada ya mechi nilikuwa nakunja jezi chini ya hema, Sir Nick akawa anaongea na nahodha wake. Alisema majina ya timu ameshayapeleka ofisi ya wafanyakazi, wanane wote wako salama kiangazi.

Sikuwa nimetumwa. Nilisema tu. "Sir, na wa kulia?"

"Yupi?"

"Famau. Wa mizigo. Yule wa ukungu."

Alijaribu kukumbuka, nimtendee haki, alikunja uso kabisa. Kisha akasema, "Mishi, kila wiki mnaniletea mtu mpya. Nilidhani mnapokezana kwa sababu hakuna anayeitaka."

Hakuwa anadhihaki. Alisema kama mtu aliyetufanyia hisani ya kutouliza. Nikaanza kutafuta Kiingereza cha kumweleza bara ni nini na pwani ni nini, na kwa nini Mzanzibari wakati mwingine yumo na wakati mwingine hayumo, na kabla sijafika popote simu yake ikalia. Ilikuwa jenereta.

13 Februari

Mwaka huu hoteli imeanza kupunguza watu mapema, kabla ya Ramadhani, haikusubiri kiangazi. Ami Famau ameitwa juu. Likizo bila mshahara kuanzia wiki ijayo, mpaka watakapomwita. Ameweka sahihi.

14 Februari

Alishuka wakati wetu ule ule. Nilikuwa nimeshafunga mataulo, mkono umezoea. Akayatazama, akakaa juu ya kikapu cha mashuka.

"Khalas, imekwisha, mwanangu. Fungua mafundo, yatakauka yakiwa na mikunjo."

Nikafungua. Nilisema kafeel, mdhamini wetu, huwaita watu mapema wakati mwingine, hata Agosti. Akasema inshallah, ile inshallah ya kumfariji anayekufariji. Afrah ameshamwambia? Bado. Atamwambia uso kwa uso. Kwenye simu atasikia mtandao tu.

Kisha akauliza, "Siku ile nilipokuwa koridoni. Wewe ulinyoosha upande gani?"

"Upande wetu, Ami."

"Ahsante," alisema. Akasimama, akachukua kikapu cha mashuka nilichokuwa nataka kukibeba, akanipelekea mpaka kwenye mashine.

19 Februari

Ameondoka. Dancan alimpeleka uwanja wa ndege. Upande wetu ulikuwa kazini.

21 Februari

Kikao cha kumuaga Ami Famau, siku mbili baada ya kuondoka, kwa kuwa chumba cha televisheni kilikuwa na mpira wa Uingereza. Mwenyekiti alimwita nguzo. Bi Shifaa alilia, machozi ya kweli, akasema pwani imepoteza mtu na haitasahau. Dancan hakuja.

Ajenda ya pili: Jumapili ni mechi ya mwisho kabla ya Ramadhani, na zamu ni ya nani? Kwa hesabu ni pwani, kwa kuwa mechi ya tarehe kumi na sita iliahirishwa kwa ajili ya maonyesho ya magari na haikuwa na mwenyewe. Bara wakasema ilikuwa na mwenyewe. Pwani tukataka Fawaz, kwa heshima ya Famau. Bara wakataka Jotham, pia kwa heshima ya Famau. Mpaka mtu wa nidhamu anazima taa hakuna kilichoamuliwa. Kila upande umeapa kutomruhusu wa mwenzake kupanda basi.

Nimewaza kusimama niseme neno. Nimewaza mpaka chumbani.

23 Februari

Hakupanda Fawaz wala Jotham. Sheria ya ligi inaruhusu wanane, basi wamecheza wanane. Kulia hakukuwa na mtu.

Tumeshinda tisa kwa mbili.